Mstari wa Tatu

Mama mmoja wa Lokandu aliniuliza mara mbili kama kazi yake imekwisha, na mara mbili nilimwambia imekwisha. Mara ya kwanza nilikuwa sijui. Mara ya pili nilijua.

Biro yetu ni ofisi ya chumba kimoja karibu na soko, chenye meza mbili, kompyuta mbili na paneli ya jua juu ya mabati. Tunawasaidia watu wasio na karatasi ya kuzaliwa. Hapa Kindu, mashariki ya Kongo, ni wengi. Wakati wa vita vitabu vya serikali vililowa mvua, vingine viliwashiwa moto wa kupikia, na watoto wa miaka ile hawakuandikwa popote. Leo wale watoto ni wazazi, na mzazi asiyeandikwa anapata shida kumwandikisha mwanawe. Tunapokea maneno yao: jina, siku, mahali, baba, mama. Hakimu akija anasomewa orodha, na kila aliyemo anapata hukumu inayosimama badala ya cheti. Asiyemo anangoja mpaka hakimu arudi.

Zamani tuliandika kwa mkono katika kitabu. Mwaka huu akaja kaka mmoja wa Butembo, ndugu wa wafanyabiashara wenye maduka na malori, fundi wa kutengeneza kurasa za mtandao. Akatutengenezea ukurasa wa kuandikia watu. Akauliza nani ataujaribu kabla haujaanza kazi. Mama wa biro, yaani mkubwa wetu, akaninyooshea kidole mimi.

"Chukua huyu. Iko polepole, lakini haruki kitu."

Watu wakacheka. Mimi nilitazama chini. Nilisoma shule ya msingi tu, nikaimaliza nina miaka kumi na mitano, na mpaka leo nikishika kalamu mbele ya mtu mkono unakuwa mzito.

Yule kaka alinifundisha kwa uvumilivu. Alisema mtu anapobonyeza "Tuma," jina la mtoto haliendi peke yake. Mbele yake kuna mistari michache inayotangulia, ambayo kwenye ukurasa haionekani. Mistari hiyo inaitwa vichwa vya ombi.

"Hapa kwenu," aliniuliza, "muntu anaweza kuingia kwa jirani na kuomba chumvi, bila hodi, bila jambo?"

"Hapana, kaka."

"Basi na mashini iko vile. Kwanza inasema: miye ni nani, natoka wapi, nasema luga gani. Nyuma, kiisha kujitaja, njo inaomba. Na kazi yako weye ni kubadilisha ile hodi, kuona watakujibu namna gani."

Akaniwekea kidirisha kidogo pembeni. Upande wa kushoto unaandika jina la kichwa, upande wa kulia unaandika kile unachotaka kiseme, na mbele ya kila mstari kuna kisanduku: ukikitia alama mstari unakwenda, ukiiondoa mstari unabaki. Maneno yenyewe yalikuwa ya Kiingereza. Nilinakili herufi moja moja, kama mtu anayechora.

Niliipenda ile kazi. Nasema kweli. Kichwa cha lugha nilikiandika Kifaransa, ukurasa ukanijibu Kifaransa. Nikakiandika Kiswahili, ukaniambia "Karibu." Nikakiandika lugha ambayo haipo, nione utajibu nini, nao ukarudi kwenye Kifaransa bila kelele. Kichwa cha ufunguo, kile kinachosema ni mfanyakazi gani anatuma, nilikiondoa, ukurasa ukaniambia sina ruhusa. Nikaweka ufunguo wenye herufi moja ya uongo, ukanikataa tena. Sijawahi kufurahi kukataliwa namna ile. Kila kitu nilikiandika katika kaye, daftari langu: nimeweka nini, nimetarajia nini, nimejibiwa nini. Hakuna aliyesimama mbele yangu kungoja, kwa hiyo uzito wa mkono wangu haukumchelewesha mtu.

Mstari wa tatu aliuweka yeye mwenyewe, asubuhi moja ambapo lori la ndugu zake lilikuwa limekwama njiani na simu yake hainyamazi. Upande wa kushoto aliandika neno refu. Upande wa kulia aliandika namba 1, basi.

"Hii njo ya majaribio," alisema huku amesimama. "Siku ya watu, vichwa vyote vya majaribio unaviondoa. Umeelewa?"

"Ndiyo."

Sikuelewa. Neno lile refu sikuweza kulisoma. Lakini kompyuta zetu zilikuwa mbili, na juu ya kifuniko cha yangu mama wa biro alikuwa ameandika 1 kwa rangi nyeupe. Nikajiambia kwamba ule mstari unasema hii ni mashine ya kwanza. Nikaridhika. Niliona hata aibu kidogo kwamba kitu chepesi namna ile nilitaka kukiuliza.

Ile "ndiyo" yangu ina historia. Katika miaka ya vita mji ulikuwa umefungwa, na ukitaka kwenda shambani unapita kwenye kizuizi cha wenye bunduki. Mama yangu alinifundisha neno moja. Wakikuuliza kitu, sema ndiyo, hata kama hujasikia vizuri, hata kama ni Lingala. Anayesema hapana wanamweka kando. Nilikuwa na miaka kama sita. Siku moja tulipita, na nyuma yetu akaja jirani yetu na baiskeli yake, amefunga mihogo. Askari akaniinamia akauliza maneno marefu. Nikasema ndiyo. Akacheka, akaenda akachukua ile baiskeli. Kumbe alikuwa ameniuliza kama baiskeli ya huyu mzee ni nzuri, kama yeye mwenyewe anaweza kuijaribu. Jirani yetu alirudi na mihogo kichwani, na baiskeli ndiyo ilikuwa inalisha nyumba yake. Hakunigombeza. Alimwambia mama, "Mutoto hana kosa." Lakini miaka yote iliyofuata, nikimwona anakuja kwa miguu, nilipita njia nyingine. Vita vikaisha na neno likabaki mdomoni mwangu. Mwalimu akiuliza kama tumeelewa, ndiyo. Daktari akiuliza kama maumivu yamepungua, ndiyo.

Siku ya watu ilikuwa Alhamisi. Hakimu angeketi Ijumaa. Nilifika mapema nikafungua kidirisha changu na kuondoa vichwa vya majaribio kama nilivyoambiwa: lugha isiyokuwepo, ufunguo wa uongo. Nikaacha lugha ya Kiswahili, ufunguo wangu wa kweli, na ule mstari wa mashine ya kwanza.

Mama wa biro alisema, "Na katika kitabu uandike pia, kwa mukono. Mashini ni mashini."

Nikasema ndiyo.

Yule mama wa Lokandu alikuwa wa kwanza. Alikuwa amefika siku iliyotangulia kwa mtumbwi wa mota na akalala kwa shemeji yake. Alivaa kitenge kipya na alinuka moshi wa samaki, na nyuma ya kiti alisimama binti yake wa darasa la sita, mwembamba, mikono nyuma.

"Anafanya mutihani ya serikali mwaka huu," mama aliniambia. "Direkteri ya shule anasema, bila karatasi jina yake haiendi. Na orodha ya mutihani inaenda kiisha juma mbili. Mama, unanisaidia?"

Binti alinitajia majina yake matatu, herufi kwa herufi, kwa sauti ya darasani. Nikaandika kwenye mashine. Kisha nikavuta kitabu ili niandike kwa mkono, nikaanza, na nyuma yao foleni ikaanza maneno.

"Eh, ule dada anaandika ao anashona?"

"Muache, anapima uzi kwanza!"

"Akifika kwa jina ya babu yangu, mutaniita nikiwa kaburini."

Walicheka bila ubaya, kama watu wanavyocheka wakichoka kusimama. Lakini masikio yangu yaliwaka. Nilifunga kitabu. Nikajiambia mashine imekwisha kuandika, kitabu cha nini. Nikabonyeza "Tuma." Ukurasa ukatoa rangi ya kijani na neno: *Imepokelewa.*

"Njo tayari?" mama akauliza.

"Iko tayari, mama."

"Mungu akubariki."

Tangu hapo kazi ilikwenda mbio, kwa maana kwenye mashine ni vidole viwili tu na hakuna anayeona mwandiko wangu. Mzee wa Kailo. Mapacha. Mwanamke aliyekuja na mashahidi wanne wakibishana kuhusu mvua ya mwaka gani. Kijani, kijani, kijani. Mama wa biro alipita nyuma yangu, akaniwekea mkono begani na kuwaambia watu kwa sauti kubwa, "Muko naona? Masomo haiko tu ya Kinshasa. Huyu ni wa primeri, na njo anaendesha mashini!" Watu wakapiga makofi. Katika maisha yangu sikuwahi kupigiwa makofi.

Karibu na saa sita mtu mmoja alitaka kuona jina lake kama limeandikwa na herufi mbili za s. Nikafungua orodha nimwonyeshe. Orodha ilisema: *Hakuna tamko.* Haikuwa na jina hata moja.

Nilidhani ni rezo, mtandao umekatika. Nikafungua tena. Hakuna tamko. Nikamwambia angoje nje kidogo, na mkono wangu, bila mimi kuutuma, ukaenda kwenye kile kidirisha. Niliondoa alama kwenye mstari wa tatu. Nikaandika jina lake upya, nikabonyeza. Kijani, neno lile lile. Nikafungua orodha, na humo likawemo jina moja. La kwake.

Nilikaa nikiitazama ile namba 1. Ukurasa ulikuwa umeniamini. Tangu asubuhi nilikuwa naupigia hodi ya uongo, nao ulinijibu kwa heshima na kutupa kila kitu. Ukimwondoa yeye, watu kumi na tisa.

Dirisha letu halina kioo, lina waya tu. Kupitia waya nilimwona yule mama wa Lokandu ameketi kivulini ng'ambo ya barabara, anakula muhogo wa kuchoma na binti yake, mizigo miguuni. Mtumbwi wao ulikuwa bado. Nilihitaji kusimama, kutoka, kusema: mama, rudi, nimekosea. Ni hatua kama ishirini. Wengine wengi pia walikuwa hapo hapo sokoni. Ningekuwa nimewapata karibu wote kabla ya jua kuinama.

Lakini foleni ilikuwa inaniangalia, na yale makofi yalikuwa bado mgongoni mwangu.

Mama yule aliona namtazama. Akafuta mikono, akavuka barabara akaja mpaka dirishani.

"Mama, kuko shida? Mtumbwi unaenda sasa. Nisirudie tena?"

Binti alikuwa amebaki na mizigo, shingo ameinyoosha ili asikie.

"Hakuna shida," nilisema. "Imepokelewa. Usirudie."

Akaenda. Nikaita, "Anayefuata!"

Mchana ule kila aliyefuata niliandika vizuri. Nilijaribu pia kuwarudisha wale kumi na tisa kutoka kichwani, lakini nilikumbuka nyuso tu. Kwa binti wa Lokandu nilikumbuka jina la kwanza na ile sauti ya darasani. Katika kitabu palikuwa na herufi tatu nilizoanza kwa mkono kabla sijakifunga.

Ijumaa mama wa biro alirudi kutoka kwa hakimu akiwa ameshika orodha kama kitu kilichooza.

"Watu kumi na tisa hawamo. Mzee wa Kailo amesimama mbele ya hakimu na fimbo yake, hawamo! Kitabu iko wapi?"

"Sikuandika katika kitabu."

"Kwa nini?"

"Rezo," nilisema. "Asubuhi rezo ilikuwa inakatika."

Hapa kwetu rezo hubeba kila kosa na haijawahi kujitetea. Aliamini mara moja. Aliitukana rezo na waliojenga minara yake, akampigia simu kaka wa Butembo ili aitukane naye.

Jioni kaka alinipigia mimi. Alikuwa Kalima na lori.

"Dada, rezo haikukatika," alisema kwa utaratibu. "Maombi yote yalinifikia, saa na dakika, vichwa tu bila majina. Na katika kila moja mstari wa tatu ulikuwamo."

Nilihamisha simu sikio la pili.

"Ulidhani ile moja ni nini?"

"Mashine ya kwanza."

Nikasikia anacheka, halafu akaacha kucheka. "Eh, Mungu wangu. Kwa mashini, moja ni ndiyo, zero ni hapana. Ulikuwa unaiambia: ndiyo, hii ni mchezo, usiweke kitu. Kosa ni langu pia, rangi ya kijani ilipaswa kuwa nyingine. Lakini naona kitu kingine, dada. Kufika saa sita mstari unatoka. Nani aliutoa?"

"Miye."

"Basi ulijua."

"Nilijua."

"Mama wa biro umwambie weye mwenyewe. Miye sitasema. Nangoja mpaka Jumatatu."

Jumapili nilikaa kanisani safu ya mwisho na sikusikia neno. Jumatatu nilimwambia nikiwa nimesimama mlangoni, kwa sentensi fupi nilizokuwa nimeziandika kwanza kwenye kaye, kwa sababu bila kuandika nisingeziweza. Nilimweleza mstari wa tatu. Nilimweleza dirisha.

Akaniingiza ndani. Akafunga mlango.

"Rezo!" alisema. "Siku tatu natukana rezo ya watu, kumbe rezo njo weye!"

Nilidhani atacheka, lakini aliketi. "Kukosea, naweza kukutetea. Mashini ni ngeni hata kwangu. Lakini ule mama alikuja mpaka dirishani. Alikuletea njia mkononi. Njo hiyo sitaweza kuitetea kwa mutu." Kisha akasema, "Utawatafuta. Wote. Na kitabu, kwa mukono."

Niliwatafuta. Tangazo lilisomwa makanisani na msikitini, na wa mjini wakaja, wengine wakicheka, wengine wakinitazama kwa kando. Mzee wa Kailo nilimfuata kwake. Alinifanya niandike jina lake huku amesimama juu yangu na fimbo. Hao wote watangoja hakimu arudi, miezi miwili, na kwa wengi wao miezi miwili si kitu. Wa Lokandu nilimwacha wa mwisho. Nilijiambia ni kwa sababu ni mbali.

Nilipofika kwenye mtumbwi wa Lokandu juma la pili lilikuwa linakwisha. Njia nzima nilipanga maneno. Nilipopanda ukingoni niliulizia nyumba, nikaonyeshwa, nikapiga hodi.

Mama alikuwa kwenye uchanja wa kukaushia samaki kwa moshi. Aliponiona alifurahi, akanyoosha mikono yake yenye majivu. "Mama wa mashini ya Kindu! Umetuletea karatasi?"

Nikamwambia. Yale maneno niliyoyapanga hayakutoka kwa mpangilio, lakini yalitoka. Nilisema jina halikuandikwa. Nilisema aliponiuliza dirishani nilikuwa najua. Majirani wawili walikuwa wameketi hapo wakiparua samaki, nao wakaacha kuparua.

Mama hakupaza sauti. Aliita binti yake.

"Umuambie tena majina yako. Huyu aandike, weye usome."

Niliketi kwenye mbao na kufungua kitabu magotini. Binti akasimama karibu na bega langu. Akataja herufi, nikaandika. Uwanja mzima uliangalia kalamu. Nilipomaliza alisoma, akaweka kidole.

"Hapa dada ameandika l. Ni r."

Nikakata, nikaandika r.

"Sasa iko muzuri," alisema. Halafu akaniuliza mimi, si mama yake, "Na mutihani?"

"Hakimu anarudi baada ya miezi miwili," nilisema. "Orodha ya shule haitamngoja."

"Kwa hiyo mwaka huu sifanyi."

"Mwaka huu hufanyi."

Akaenda kwenye uchanja akaanza kugeuza samaki mmoja mmoja, kwa uangalifu, kama kazi ambayo alikuwa ameiacha kwa muda tu. Mama yake alimtazama mgongo. Kisha akanigeukia.

"Umetoka Kindu asubuhi. Umekula?"

Nilitaka kusema nimekula. Nikasema sijala.

Akaweka ugali na samaki juu ya kiti kidogo mbele yangu, akamwita binti alete maji. Binti akaja na birika. Nikanyoosha mikono, akanimiminia polepole, mpaka vidole vyote vikasafika, nami sikuweza kuinua macho kutoka kwenye maji.